Video Inapokwama kwenye Laptopu Mpya: Utangulizi

Ikiwa umenunua laptopu yako ya kwanza mjini Kisii, ukaifikisha nyumbani Suneka au Keroka, ukafungua video na picha ikaanza kurukaruka, kuganda au kujaa vijisanduku, utangulizi huu ni wako. Si lazima uwe umesomea kompyuta. Kinachohitajika ni subira kidogo, daftari, na video mbili au tatu unazozijua vizuri. Nimekuwa nikifundisha mambo haya kwa muda mrefu na bado yananifurahisha kama mwanzoni, kwa sababu ukishajua video ni nini hasa, dosari zake huanza kujieleza zenyewe.

Wengi huanza na swali la kitufe: nibonyeze wapi ili irekebike? Ni swali la haki. Lakini kompyuta mbili zinaweza kuonyesha dalili moja kwa sababu mbili tofauti kabisa, na ndiyo maana dawa iliyofaa kwenye kompyuta ya jirani inaweza isifue dafu kwenye yako. Kwa hiyo nitakuomba tuanze chini kabisa, kwenye msingi. Vitufe tutavifikia.

Ndani ya video hakuna kitu kinachotembea. Kuna picha zilizosimama, na kila moja huitwa fremu. Zikipita mbele ya jicho kwa kasi ya kutosha, jicho huziunga na kuona mwendo. Filamu za sinema hutumia fremu 24 kwa sekunde tangu sauti ilipoingia sinemani mwishoni mwa miaka ya 1920. Runinga yetu ilirithi kiwango cha 25. Simu nyingi hurekodi 30 au 60. Fremu nayo imejengwa kwa pikseli, yaani nukta ndogondogo za rangi. Video inayoitwa 1080p ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, utapata pikseli 2,073,600 katika fremu moja.

Sasa fanya nami hesabu moja, maana somo zima limesimama juu yake. Rangi ya kila pikseli huandikwa kwa nambari tatu: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Kila nambari huchukua baiti moja, na baiti ni kipimo kidogo cha kuhifadhi data, takriban herufi moja ya maandishi. Fremu moja basi inahitaji baiti milioni 6.2 hivi. Kwa fremu 30, sekunde moja ya video ni zaidi ya megabaiti 186. Laptopu nyingi madukani huja na diski ya gigabaiti 256. Diski hiyo, hata ikiwa tupu kabisa, isingetosha dakika 23 za harusi. Wala hakuna laini ya simu katika kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, ambayo ingeweza kuileta video kama hiyo bila kukwama.

Hata hivyo, video ya saa tatu hukaa kwenye flashi ndogo ya mfukoni. Inawezekanaje? Kwa kubanwa. Mwaka 1972 mhandisi Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipendekeza njia ya kihisabati ambayo yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao waliichapisha mwaka 1974. Kwa maneno mepesi, picha hugawanywa katika miraba midogo, na badala ya kuandika kila nukta ndani ya mraba, unaandika ni mawimbi gani ya mwanga na kivuli yakichanganywa yatatoa mraba huo. Mawimbi madogo mno, ambayo jicho halitayakosa, hutupwa. Teknolojia nyingi za kubana video zilizofuata zimejengwa juu ya wazo hilo. Unapoona uso wa mtu umegeuka vijisanduku, unachokiona ni ile miraba yenyewe: data imekuwa haba, mawimbi mengi yametupwa au yamepotea, na kingo za miraba zimebaki wazi.

Kuna hila ya pili, na mimi huipenda zaidi. Tazama video ya harusi: mzee amesimama akihutubia, nyuma yake migomba imetulia. Kwa nini migomba ile itumwe mara 30 kila sekunde ilhali haijabadilika? Kwa hiyo mbanaji huandika fremu moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata huandika mabadiliko tu: midomo imesogea, mkono umeinuka, migomba iache ilivyo. Fremu hizi za pili tuziite tegemezi, kwa kuwa peke yazo haziwezi kuonyesha chochote. Sasa fikiria kipande cha fremu kamili kimepotea njiani au kimeharibika kwenye flashi. Kila tegemezi inayofuata itaendelea kujenga juu ya kosa hilo. Uso utaburutwa, rangi ya kijani au kijivu itatapakaa, mkono utaacha mkia. Kisha baada ya sekunde chache picha itanyooka ghafla, kana kwamba imejiponya. Haikujiponya: fremu kamili nyingine imefika. Ukiona dosari ya namna hiyo, inayokuja na kuondoka kwa vipindi, shuku data kabla ya kushuku skrini.

Kanuni za kubana, na za kubanua yaani kurudisha picha katika hali ya kuonekana, huitwa kodeki. Utakutana na majina machache tu mara kwa mara. H.264 ilitoka mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaielewa. H.265, iitwayo pia HEVC, na VP9 ya Google zilitoka mwaka 2013. AV1 ilifuata mwaka 2018. Kwa jumla, kodeki mpya hubana zaidi, lakini hudai kazi kubwa zaidi wakati wa kubanua.

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa, kwa hiyo nenda polepole. MP4 si kodeki. MP4 na MKV ni vifurushi: ndani ya kifurushi mna picha zilizobanwa kwa kodeki fulani, sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine, na labda maandishi ya tafsiri. Faili mbili zote zinaweza kuishia na .mp4, moja ikacheza na nyingine ikagoma, na hakuna ajabu yoyote. Umetazama jina la kifurushi, hujatazama kilichomo.

Basi tuifuate safari nzima. Data hutoka kwenye chanzo, ambacho ni intaneti, flashi au diski. Husomwa na programu ya kuchezea, kwa mfano VLC au kivinjari. Hubanuliwa, ama na prosesa ambayo ni injini kuu ya kompyuta, ama na chipu ya michoro ambayo imeumbiwa kazi za picha. Hupita kwa draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na chipu hiyo. Mwishoni hufika kwenye skrini. Sauti husafiri kando ya picha na lazima zifike pamoja. Mkulima wa Nyamira anaijua hali hii kupitia chai: jani hutoka mkononi mwa mchumaji, likapimwa kwenye kituo, likapakiwa kwenye lori, likafika kiwandani; likifika limeharibika, hakuna anayeanza kulaumu mashine za kiwanda kabla ya kuuliza lilikaa wapi na kwa muda gani.

Kazi yetu yote ni kuuliza swali hilo hilo kwa video, na lina njia moja ya kulijibu: badilisha jambo moja, yaache mengine yote kama yalivyo, tazama, kisha andika. Ukizima programu tatu, ukabadilisha draiva na kuhama mtandao kwa mpigo mmoja, video inaweza kupona, lakini hutajua kilichoiponya, na wiki ijayo utaanza upya. Daftari nililokuomba ni la kazi hii.

Anza na chanzo. Video inapokwama YouTube, jiulize: faili ya video iliyo ndani ya diski nayo inakwama? Ikiwa ya diski inatiririka vizuri, nusu ya kompyuta yako imeondolewa lawama. Ikiwa unatazama kwenye flashi, inakili video kwenye diski kwanza, kisha uicheze kutoka huko. Flashi hafifu husoma polepole, na nyingine zimeandikwa ukubwa zisiokuwa nao, hivyo data ya mwisho huwa haikuhifadhiwa kamwe. Hilo hakuna mpangilio wa kompyuta utakaolitibu.

Kwa YouTube kuna dirisha ambalo ningetamani kila mwanafunzi alijue. Bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Stats for nerds". Kisanduku cheusi kitatokea juu ya picha kikiwa na mistari ya takwimu inayobadilika kila mara. Usiogope wingi wake, tunahitaji miwili. Wa kwanza ni "Buffer Health", unaokuambia ni sekunde ngapi za video zimekwisha kufika na zinangoja zamu. Wa pili ni wa fremu, unaoonyesha ngapi zimeachwa kati ya zote, ukiwa na neno "dropped". Sasa tazama video inapokwama. Akiba ya sekunde ikishuka hadi sifuri, data haifiki: tatizo ni mtandao. Akiba ikiwa imejaa huku idadi ya fremu zilizoachwa ikipanda, data imefika lakini kompyuta inashindwa kuibanua kwa wakati: tatizo liko ndani ya mashine. Uamuzi ambao watu hubishania jioni nzima, kisanduku hicho hukupa kwa dakika moja.

Ikiwa ni mtandao, kumbuka kwamba YouTube hupendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya 1080p na kama nusu yake kwa 720p. Megabiti si megabaiti. Biti nane ndizo baiti moja, na matangazo ya mtandao hutaja biti. Nchi yetu ni ya vilima, na nyumba iliyo bondeni chini ya ukingo wa Manga haipati mawimbi sawa na iliyo juu yake. Shusha ubora wa video hadi 480p uone kama kukwama kunakoma. Na mara nyingine tatizo liko mbali kuliko unavyofikiri: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikawa nzito kote Afrika Mashariki. Siku kama hiyo usifungue laptopu yako kwa bisibisi.

Tuingie ndani ya mashine sasa, kwenye kubanua, mahali ambapo naona watu wakitaabika bila sababu. Chukua mfano ambao ni wa kawaida sana kwetu. Mna ndugu Minnesota, kama zilivyo familia nyingi za Wagusii, wenyeji wa huku kwetu. Amekuja likizoni, amerekodi sherehe kwa iPhone na kuwaachia video kwenye flashi. Laptopu mpya inatoa sauti, lakini picha ni nyeusi, au Windows inaomba ununue nyongeza fulani. Ajabu ni kwamba kipande kilekile alichokituma kwa WhatsApp kinacheza bila shida. Kwa nini? Tangu mwaka 2017 iPhone hurekodi kwa HEVC isipokuwa mwenyewe abadilishe, na Windows nyingi huja bila kibanuzi cha HEVC. WhatsApp nayo huibana video upya kwa kodeki inayoeleweka na wengi, labda tu aitume kama hati. Kwa hiyo laptopu yako haina ugonjwa. Haijafundishwa lugha hiyo tu. Sakinisha VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996, inayokuja na vibanuzi vyake yenyewe. Na siku nyingine mwombe ndugu yako aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya "Formats", achague "Most Compatible".

Lakini huenda VLC ikaonyesha picha na bado ikawa ya kurukaruka. Hapo tunauliza nani anabanua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda kwenye "Performance" halafu "GPU", na utafute grafu ya "Video Decode". Cheza video. Grafu hiyo ikipanda, chipu ya michoro inafanya kazi iliyoumbiwa na prosesa imetulia. Ikilala chini huku prosesa ikikaribia asilimia 100 na feni ikivuma, basi prosesa imebebeshwa mzigo wote peke yake.

Sababu huwa mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni umri. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini ni zile tunazoziita ex-UK, yaani zilizotumika ng'ambo kisha zikaletwa huku. Ni mpya kwako, wala hakuna ubaya kununua moja. Ila chipu za Intel za kizazi cha nne hazina sehemu ya kubanua HEVC. Uwezo huo ulianza na kizazi cha sita, mwaka 2015, na wa AV1 ulianza na cha kumi na moja, mwaka 2020. Mashine ya kizazi cha nne itacheza H.264 ya 1080p kwa raha miaka mingi ijayo. Ipe kazi hiyo, usiilazimishe kazi isiyoumbiwa.

Sababu ya pili ni draiva, na hii hunifurahisha kwa sababu tiba yake ni kamili. Bofya kitufe cha kuanzia kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", Windows haina draiva halisi ya chipu yako na inaichora skrini kwa njia ya dharura. Soma jina kamili la modeli chini ya laptopu, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, upakue draiva ya michoro ya modeli hiyo hasa. Baada ya kuisakinisha na kuwasha laptopu upya, video iliyokuwa ikikokota miguu hutiririka kama maji, na mara nyingi hata mwangaza wa skrini uliokuwa haurekebishiki hukubali.

Kuna hali iliyo kinyume: draiva ipo, ila haielewani vizuri na kivinjari, na picha inakuwa ya kijani au inapepesa kwenye Chrome peke yake. Ingia mipangilio ya Chrome, sehemu ya "System", uzime matumizi ya chipu ya michoro, kisha ufungue Chrome upya. Dosari ikitoweka, umempata mhusika. Usiiache hivyo milele, maana sasa prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Sasisha draiva, uwashe tena, upime tena.

Neno kuhusu upya wenyewe. Laptopu iliyotoka kwenye kasha huwa na shughuli nyingi siku za kwanza: Windows inapakua masasisho, inapanga orodha ya faili zako, na programu za kampuni nazo zinajisasisha. Ukiwa na RAM ya gigabaiti 4, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa, hakuna nafasi ya hayo yote na video pia. Iache kwenye chaja na intaneti usiku mmoja kabla ya kuihukumu, na kama unatumia data ya simu, jua kwamba masasisho hayo yataila. Stima nayo ni muhimu. Ikipotea, kama inavyopotea mvua ya alasiri inapokuja na radi zake, laptopu huhamia kwenye betri na kupunguza nguvu ya prosesa. Chaji ikishuka, hupunguza zaidi. Video iliyokuwa sawa saa nane ikianza kukwama saa kumi, tazama kwanza kama chaja inapata stima. Na usiiweke juu ya blanketi: matundu ya hewa yakizibwa, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue.

Sauti ikitangulia au ikichelewa kidogo, jaribu kuzima spika ya Bluetooth kwanza. Ni jambo dogo na mara nyingi ndilo.

Imebaki skrini. Mistari, madoa na kupepesa huogofya, lakini vipimo vyake ni vyepesi. Mistari inapoonekana, piga picha ya skrini kwa vitufe vya Windows, Shift na S, ihifadhi, kisha itume kwenye simu yako uitazame huko. Ikiwa mistari imo ndani ya picha, ilichorwa na programu, draiva au chipu. Ikiwa picha ni safi, mistari inaongezwa baadaye, njiani kwenda kwenye skrini. Kipimo cha pili: zima laptopu, iwashe huku ukibonyeza F2 au kitufe kinachotajwa na kampuni yake, uingie kwenye BIOS, ukurasa unaotokea kabla Windows haijaamka. Hapo draiva ya Windows wala kivinjari havijaanza kazi. Mwisho, unganisha laptopu na TV kwa waya wa HDMI.

Mistari ikionekana kwenye BIOS na pia kwenye TV, chipu ya michoro yenyewe ina kasoro. Ikionekana kwenye BIOS lakini TV ni safi, ni paneli ya skrini au waya wake unaopita kwenye bawaba. Kwa hali zote mbili usikubali kusakinishiwa Windows upya, na usifungue mashine mwenyewe iwapo ina waranti. Rekodi mistari hiyo kwa simu ikiwa kwenye ukurasa wa BIOS, rekodi na TV pia, iwe safi au la, chukua risiti na chaja, kisha uirudishe dukani mapema, wakati siku za waranti zingali nyingi. Muuzaji akikuambia ni video mbovu ulizopakua, muonyeshe ile ya BIOS, mahali ambapo hakuna video yoyote inayochezwa.